Mwanaheri na Mashine ya Nukta Nundu

Duka la vitambaa la Idi liko Biharamulo mjini, hatua chache kutoka sokoni. Mteja anayesimama kupimiwa kitenge mara nyingi husikia nyuma ya pazia bisibisi ikidondoka kwenye sinia, na mwanamke akiongea peke yake kwa sauti ya chini. Huyo ni mke wa Idi, Mwanaheri binti Anuar. Mgeni atadhani ni fundi redio. Wenyeji wanajua kwamba nyuma ya lile pazia zimepangwa kompyuta kuukuu, zile nene zenye kioo kilichotuna kwa nyuma, na kwamba mama huyo wa miaka hamsini na ushee haoni sababu ya kuitupa hata moja.

"Wengine wanafuga njiwa," Idi huwaambia wateja huku akikunja kitambaa. "Mke wangu anafuga kompyuta. Angalau hazili mtama."

Mwanaheri husikia, na huendelea na kazi yake. Wameoana muda mrefu na utani huo ameuzoea kama anavyozoea mtu mlango wa nyumbani kwake unaolia.

Hakuzaliwa akiwa fundi. Babu yake alikuja Biharamulo kutoka Pangani na mzigo wa nguo na chumvi, akaoa, hakurudi tena. Baba yake, mzee Anuar, alirithi duka, naye Mwanaheri alipomaliza kidato cha nne aliwekwa nyuma ya meza kupima khanga. Kazi hiyo ilimchosha. Akawa anakwenda jioni kwa karani mmoja mstaafu kujifunza kupiga taipu, na ndicho kilichomtoa dukani. Miaka ya tisini wakimbizi walipovuka mpaka kwa maelfu, mashirika ya misaada yakatafuta vijana wanaojua kupiga taipu, na Mwanaheri akapanda lori kwenda kambi ya Lukole. Mzee Anuar hakufurahi, ila hakumzuia.

Kule Lukole alipewa kompyuta, kitu ambacho hakuwahi kukigusa. Kutwa aliingiza majina. Vumbi lilikuwa jingi na umeme wa jenereta ulikuwa unapanda na kushuka, kwa hiyo mashine ziliharibika kila wakati, na aliyekuwa akizitengeneza alikuwa mkimbizi mwenyewe, Mrundi anayeitwa Niragira, aliyefanya kazi ya simu huko Bujumbura kabla ya vita. Niragira alikuwa mtu mpole, mwenye mikono mikubwa, na alichukia kufanya kazi bila mtu wa kuongea naye. Akimfungua mgonjwa wake, kama alivyoziita kompyuta, alimwita Mwanaheri amshikie tochi na kumweleza kila anachokifanya, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kirundi na Kifaransa. Mwanaheri alishika tochi, kisha akashika bisibisi. Kambi ilipofungwa Niragira alirudi kwao Gitega, na Mwanaheri akarudi Biharamulo na mzigo wa mashine ambazo hakuna aliyezitaka.

"Umeniletea mabati," alisema mzee Anuar alipoona zikishushwa.

"Ni mabati yanayofikiri, baba," alimjibu.

Ndivyo alivyobaki nazo. Vijana mafundi wa siku hizi wanatengeneza simu na kompyuta za mkononi, na wanatengeneza vizuri, lakini mashine ya zamani ikiletwa kwao wanaitazama kama mtu aliyeletewa ng'ombe ilhali yeye anajua kuku. Basi humwelekeza mwenye mashine kwa Mwanaheri. Mara ni mwenye duka la steshenari aliyezoea programu yake, mara ni parokia yenye kumbukumbu za ubatizo. Kazi hazikuwa nyingi, na yeye hakuzitaka nyingi. Alipenda kukaa na tatizo moja mpaka liishe.

Mwaka juzi, mvua za vuli zikiwa ndiyo zimeanza, simu yake ililia asubuhi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Naongea na nani?"

"Ni mwalimu Kalista. Nafundisha Ngara huku, njia ya kwenda Kabanga. Fundi wa hapa mjini ametazama kompyuta yetu akasema ni ya rika lako, siyo la kwake. Ndipo akanipa namba yako."

Mwanaheri akacheka mpaka Idi akachungulia. "Haya, mwalimu. Hiyo ya rika langu inaumwa nini?"

Kalista alieleza taratibu, kama mwalimu. Shuleni kwake kulikuwa na kitengo cha wanafunzi wasioona, na yeye mwenyewe alikuwa haoni tangu utoto. Wafadhili waliwahi kuwaletea mashine ya kuchapa nukta nundu, yale maandishi ya vitone yanayosomwa kwa vidole. Mashine ilikuwa nzima na yenye nguvu, ila mdomo wake wa kuunganishia ni ule mpana wa zamani, ambao kompyuta mpya hazina. Walijaribu waya wa kugeuzia, ikachapa herufi zisizosomeka. Kwa hiyo iliendeshwa na kompyuta moja ya zamani tu, na hiyo kompyuta sasa ilikuwa haiwaki. Watoto walikuwa wanasoma vitabu vya miaka iliyopita ambavyo vitone vyake vimebonyea kwa kushikwa.

"Nitakuja," alisema Mwanaheri.

"Asante, mama. Kuna jambo la pili, kama halitakuwa usumbufu. Nina laptop inayozungumza. Nikiandika inanisomea. Lakini nikitaka kuchapa lazima nimwombe mwenzangu anayeona aje akae kwenye ile kompyuta, maana yenyewe ni bubu. Wananisaidia, silalamiki. Ila wana vipindi vyao. Ningependa niandike kwangu, nibonye, ichape. Nisimwombe mtu. Inawezekana?"

Mwanaheri alitazama mashine zake rafuni. "Inawezekana," alisema. "Itabidi tuivutie waya wa mtandao. Nitaitafutia kadi ya mtandao."

Basi la Ngara lilimpitisha Lusahunga na Nyakahura, likapumzika Benaco, kisha likapanda vilima. Alipopita upande wa Lukole alitazama nje kama afanyavyo siku zote. Palikuwa na mashamba ya mahindi, miti ya mikaratusi, na mtu anachunga mbuzi.

Kalista alimpokea getini, kijana wa miaka thelathini na kidogo, mrefu, ameshika fimbo yake nyeupe chini ya kwapa kwa sababu pale shuleni hakuihitaji. Alimwongoza kwenye chumba cha mashine haraka kiasi kwamba Mwanaheri ndiye aliyebaki nyuma. Mwanaheri akaifungua kompyuta, akaiwasha, akasikiliza. Ndani kulikuwa na mlio wa tik, tik, tik.

"Hiyo ni diski," alisema Kalista kabla hajaulizwa. "Imekuwa ikilia hivyo wiki kadhaa kabla ya kufa."

"Umesikia sawasawa. Diski imekufa. Vingine vyote vizima."

Alikubaliana na Kalista kwamba ataichukua kompyuta kwenda nayo nyumbani. Mashine ya kuchapa ilikuwa nzito kama cherehani mbili, ikabaki.

Biharamulo aliiwekea diski nyingine kutoka kwenye akiba yake, kisha akaanza kupandikiza mfumo wa kuiendesha. Alichagua Linux, kwa kuwa ni ya bure na haimbani mtu. Alianza na toleo jipya. Mashine ikawaka, ikaandika mstari mmoja, ikagoma. Kerneli, yaani kile kiini cha mfumo kinachoamka kwanza na kuamsha vingine vyote, ilikuwa inadai uwezo ambao prosesa, yaani ubongo wa mashine ile, haikuzaliwa nao. Mwanaheri hakushangaa. Akatafuta kwenye sahani zake za CD toleo la zamani, akalipandikiza siku mbili zilizofuata huku umeme ukikatika na kurudi.

Toleo la zamani liliamka vizuri. Mistari ikapita kwenye kioo, mmoja baada ya mwingine, prosesa imeonekana, kumbukumbu imeonekana, saa imeonekana. Kisha ikasimama. Chini kabisa ikaandika kwamba kerneli imepatwa na taharuki, haioni diski ulipo mfumo wake.

Idi alikuwa amemletea chai. "Imekufa tena?"

"Haijafa. Imejifungia nje."

"Kivipi?"

Mwanaheri alipokea kikombe. "Kerneli ikiamka inahitaji draiva ya diski, ile programu ndogo inayoifundisha kuongea na diski. Bila hiyo haiwezi kuifungua. Sasa hiyo draiva imewekwa wapi? Ndani ya diski hiyohiyo."

Idi alifikiri. "Kama siku ile tuliyofunga mlango na funguo ziko mezani ndani."

"Ndiyo hiyo hiyo."

"Tulipitia dirishani."

"Na mimi nitapita dirishani," alisema Mwanaheri.

Dirisha lake lilikuwa sahani ya kuanzishia. Aliiwasha mashine kwa sahani hiyo, akaingia kwenye diski kwa njia ya pembeni, akalifungua furushi dogo ambalo kerneli hubeba mkononi inapoamka, akaitia ndani yake draiva ya diski, akalifunga upya. Akatoa sahani. Akawasha. Mistari ikapita, ikafika pale iliposimama kwanza, ikapita na pale. Mwisho ikaomba jina la mtumiaji. Mwanaheri aliegemea kiti akanywa chai yake, ambayo ilikuwa imeshapoa, na aliiona tamu.

Kadi ya mtandao aliipata kwenye boksi lake la vipuri. Ilikuwa kadi ndefu ya zamani, ya aina ambayo haijitambulishi yenyewe. Draiva yake ni lazima uitajie kwamba kadi iko anwani fulani na inabisha hodi kwa namba fulani. Alisoma namba zilizoandikwa kwenye kadi, akaziandika kwenye mpangilio, akaiunganisha kompyuta na nyingine kwa waya, zikaongea bila kukwama. Akaipakia kwenye basi, imefungwa khanga, ameipakata mpaka Ngara.

Mambo yalianza kumwendea kombo pale pale alipodhani yamekwisha.

Alivuta waya kutoka chumba cha mashine mpaka meza ya Kalista upande wa pili wa ukuta. Mwalimu Projestus, anayefundisha hisabati, alimsaidia kutoboa tundu. Laptop ya Kalista ikaiona kompyuta ya zamani, ikasema kwa sauti yake kavu kwamba imeunganishwa. Mwanaheri alijaribu kuchapa akiwa kwenye kompyuta yenyewe, mashine ikagonga karatasi nene kwa kishindo kinachotikisa meza, vitone safi. Kila kitu kilikuwa sawa. Akamwambia Kalista, "Haya mwalimu, tuma sasa kutoka kwako."

Kalista akabonya. Mashine ikagonga nusu mstari. Kimya.

"Imesema mtandao umekatika," alisema Kalista kutoka upande wa pili.

Mwanaheri alizima, akawasha. Mtandao ukarudi. Kalista akatuma tena, ikagonga nusu mstari, ikakwama. Mwanaheri akashuku waya, akaubadilisha. Akashuku kadi, na kwa bahati alikuwa na ya pili ya aina ileile, akaibadilisha. Akaibadili hata draiva, akapanga upya. Mpaka mchana alikuwa amefanya yote anayoyajua, na matokeo ni yale yale. Alihisi shingo inamuuma. Kilichomsumbua zaidi ni kwamba nyumbani mashine ilikuwa haina kasoro.

Projestus alisema kwa upole, "Mama, labda umri umeifikia. Tuendelee kumsaidia Kalista kama zamani."

Mwanaheri alikuwa amemgeukia Kalista, aliyekuwa ameingia na kusimama mlangoni.

"Kuna kitu," alisema Kalista. "Mimi sijui sana mambo ya ndani ya kompyuta. Lakini nimekaa pale nasikiliza laptop inaniambia imeunganishwa, haijaunganishwa. Ulipokuwa unakagua waya kabla hujaubadilisha, saa nzima hapakuwa na kuchapa, na mtandao haukukatika hata mara moja. Unakatika mashine inapogonga. Na siyo inapomaliza. Pale pale inapoanza."

"Na nilipochapa mimi kutoka hapa?"

"Ilichapa mpaka mwisho. Lakini laptop yangu iliniambia imekatika wakati huohuo. Nilidhani umechomoa wewe."

Mwanaheri alibaki na bisibisi mkononi. Kisha akavuta kiti akakaa, na ghafla alimwona Niragira kama yuko mbele yake, amechuchumaa kwenye hema la ofisi ya Lukole.

Siku hiyo kambini familia mbili zilikuwa zimepewa kwa makosa namba moja ya mgao. Namba ilipoitwa walitoka watu wawili, kila mmoja na gunia lake. Mgawaji akasimamisha foleni, hakumpa huyu wala yule, na foleni nzima ikakwama nyuma yao. Niragira aliyatazama yale, akarudi kwenye mgonjwa wake, akamwambia Mwanaheri, "Umeona? Ndani humu pia ni hivyo. Kila kifaa kina namba yake ya kubishia hodi kwa prosesa. Ukiwapa wawili namba moja, wote watalala njaa."

"Namba saba," alisema Mwanaheri.

"Nini, mama?" aliuliza Projestus.

"Kadi ya mtandao inabisha hodi kwa namba saba. Na ule mdomo wa printa nao ni namba saba, mimi mwenyewe niliuwekea ili uchapaji usisuesue. Kule nyumbani sikuwa na mashine ya kuchapa, kwa hiyo kadi ilikuwa peke yake kwenye namba hiyo. Hapa wako wawili. Mashine ikianza kugonga inaita kwa namba saba, mtandao unapokonywa masikio." Akamgeukia Kalista. "Ningehangaika na waya mpaka wiki ijayo. Wewe ndiye umesikia."

Kalista alitabasamu, akaingiza mikono kwenye mifuko ya sweta. "Kazi yangu ni kusikiliza watoto thelathini kwa mpigo," alisema.

Kazi iliyobaki ilikuwa ndogo kuliko maelezo yake. Mwanaheri alichomoa kadi. Pembeni yake kulikuwa na vipini vidogo vyenye kofia za plastiki ndogo kama punje ya mchele, na kofia ikihamishwa, namba inahama nayo. Macho yake ya karibu hayakuwa mazuri tena, akamwomba Projestus amshikie tochi. Akahamisha kofia kutoka saba kwenda kumi. Akarudisha kadi, akaiandikia draiva namba mpya ili kerneli ikiamka iambiwe mapema nani yuko wapi. Akawasha. Mistari ikapita.

"Tuma, mwalimu."

Kalista akaenda upande wa pili. Wakasikia vidole vyake kwenye vibonye, kisha kimya kifupi, kisha mashine ikaanza kugonga. Ikagonga mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Projestus alikuwa ameshika ukingo wa meza kana kwamba yeye ndiye atakayeizuia isisimame. Haikusimama. Karatasi ikatoka, ikajikunja, ikatoka nyingine.

Kalista alirudi akazichana mwenyewe, akapitisha vidole juu ya ukurasa. Uso wake haukubadilika sana. Alisoma mpaka chini, akarudi juu, akasoma tena.

"Ni insha ya Joyness," alisema. "Yuko darasa la tano. Alinisimulia juzi habari za mbuzi wa bibi yake, nikamwandikia. Hajawahi kuisoma."

Joyness aliitwa. Alikuwa msichana mnene mwenye sauti ya kukwaruza, akaja na wenzake wawili wameshikana mabega. Akapewa karatasi. Alisoma kwa sauti, akianza kwa kusitasita, halafu akishika kasi. Mbuzi alikuwa ameingia kanisani siku ya Jumapili na kula maua ya altareni, na bibi alimkana mbele ya waumini wote. Wenzake walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Alipofika mwisho Joyness alirudisha kidole kwenye mstari mmoja.

"Mwalimu, hapa umeandika mbuzi alikuwa mweupe. Mimi nilisema ana mabaka."

"Nitarekebisha," alisema Kalista. "Nitaichapa tena sasa hivi."

Akaenda kuirekebisha. Hakumwomba mtu.

Walimlazimisha Mwanaheri kubaki kula. Walikula ndizi na maharage kwenye ofisi ya walimu huku mvua ikipiga bati, na Projestus akamuuliza maswali mengi kuhusu namba na vipini, kwa kuwa yalifanana na hisabati yake. Mwanaheri alimjibu yote kwa furaha. Alikuwa amesahau ilivyo raha kumweleza mtu jambo huku ukilifanya. Jioni alilala kwa dada wa Kalista, na asubuhi akapanda basi.

Aliporudi hakuona haja ya kusimulia sana. Alimwambia Idi kwamba imefanya kazi, Idi akasema alijua, wakaendelea na siku yao. Usiku alimtumia Niragira ujumbe wa sauti Gitega. Mzee alimjibu baada ya siku kadhaa, sauti yake ikiwa imepungua nguvu, akicheka na kuuliza kadi ilikuwa ya aina gani na vipini vyake vilikuwa vingapi. Walirushiana ujumbe juu ya vipini hivyo mpaka Ijumaa.

Tangu wakati huo Mwanaheri huenda kule shuleni kila muhula, kupuliza vumbi na kutazama kama diski inalia. Amewawekea na diski ya pili iliyonakiliwa, kwenye kabati, ili siku ya kwanza ikifa wasikae bila vitabu. Mara ya mwisho alifika mapema kuliko alivyosema. Watoto walikuwa mapumzikoni. Alipokaribia chumba cha mashine alisikia ule mtambo ukigonga kwa kasi, na upande wa pili wa ukuta Kalista akijisomea sentensi kwa sauti, akifuta, akisema tena. Mlango wa chumba cha mashine ulikuwa umefungwa, na dirishani aliona kwamba ndani hapakuwa na mtu.

Mwanaheri hakubisha hodi. Alikaa kwenye benchi la nje, akaweka mkoba wake wa vifaa miguuni, akamenya chungwa alilonunua Benaco.